Anasoma au Amekariri? Niliyojifunza kwa Kuwasikiliza Watoto Mmoja Mmoja

Darasa la kwanza likisoma kwa pamoja, utalipenda. "Ba, be, bi, bo, bu!" Sauti moja, mdundo mmoja, kijiti cha mwalimu kikitembea ubaoni. Mgeni akipita dirishani ataondoka akisema watoto wale wameiva. Mimi nilishaacha kuiamini sauti hiyo. Ndani yake wapo wachache wanaosoma kweli, wapo wanaowadandia wenzao nusu sekunde nyuma, na wapo wanaofungua midomo tu ili mwalimu asiwaite majina. Ukitaka kujua nani ni nani, hakuna njia ya mkato: mkalishe mtoto karibu nawe, peke yake, umsikilize.

Nimefundisha madarasa ya mwanzo miaka mingi, na mengi ninayoyajua kuhusu kufundisha kusoma nimeyaokota hapo, kwenye kiti cha pembeni, mtoto akikosea. Alama ya mtihani ni kama kipimajoto: itakuambia mtoto ana homa, haitakuambia homa ya nini. Kosa lenyewe, yaani kile hasa alichotamka badala ya kilichoandikwa, ndilo linalokuambia kesho asubuhi uanzie wapi. Kwa hiyo daftari langu la upimaji lina alama chache na makosa mengi, yameandikwa kama yalivyotoka mdomoni.

Kuna mvulana mmoja aliyekuwa "akisoma" ukurasa mzima wa kitabu cha hadithi bila kukwama popote. Kilichomtoa nje ni kidole. Kidole kilikuwa bado mstari wa pili, mdomo umeshafika wa nne. Nikaifunika picha kwa kiganja. Kimya. Picha ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha kinachofuata. Nikaandika neno moja la ukurasa ule ule, "mpira", kwenye kadi tupu. Akaliangalia kidogo, kisha akaiacha kadi akaanza kuniangalia mimi usoni.

Hapo pa usoni nimejifunza mengi. Watoto wadogo humsoma mwalimu kabla hawajasoma kitabu. Ukikunja uso kidogo, anabadilisha jibu. Ukianza kutabasamu akiwa kwenye silabi ya kwanza, anajua yuko sawa na anajitosa kumalizia kwa kubahatisha. Midomo yako ikijikusanya kutamka "m", naye anatamka "m". Ilinibidi nijizoeze kuwa na uso mmoja na neno moja, "haya, endelea", kwa sauti ile ile, amepata au amekosa. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, hasa mtoto akiwa ni yule ambaye moyo wako wote unataka apate.

Chati ya silabi nayo hukaririwa safu kwa safu. Mtoto anayetiririka "da, de, di, do, du" muulize "di" peke yake. Ukimwona ananong'ona "da, de..." mpaka aifikie, ujue anaimba, hasomi. Ndiyo maana kadi zangu za silabi huwa nazichanganya mbele ya mtoto mwenyewe, aone kuwa hakuna wimbo unaokuja.

Lakini kabla ya kadi yoyote, napima sikio. Hapa hakuna karatasi wala kalamu, ni maneno tu. "Kalamu. Lina vipande vingapi? Piga makofi." Ka-la-mu, makofi matatu. "Sasa sema kalamu, ila uache 'ka'." Anayejibu "lamu" bila kusita, sina wasiwasi naye. Anayejibu "peni" ameielewa kalamu kama kitu, bado hajaisikia kama sauti, na huyo ukimpeleka kwenye herufi sasa hivi utampa alama za kuchora, si za kusoma.

Kiswahili kinatubeba sana kwenye hatua hii, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu na husikika wazi. Lakini ubebaji huo una upande wake wa pili. Muulize mtoto "meza" linaanza na sauti gani, wengi watakujibu "me". Miongozo mingi ya upimaji, ikiwa chanzo chake ni lugha za Ulaya, inataka "m" tupu, na ukiifuata kwa ukali utamwekea mtoto mkasi, ile alama ya kukosa. Mimi simwekei. "Me" ni jibu la mtoto anayeisikia lugha yake vizuri. Naandika "silabi" pembeni, halafu siku nyingine namuuliza: "meza, mama, mimi, mdomo unafanya nini mwanzoni?" Akibana midomo akavuta "mmm", tumefika.

Kipimo cha sikio ninachokipenda kuliko vyote sikukitoa kwenye mwongozo wowote. Ni kinyume, ule mchezo wa kuhamishia silabi ya mwisho mbele: kitabu kinakuwa bukita, kalamu inakuwa mukala. Watoto wakiuzoea huusema kwa kasi ya kutisha, na ni lugha yao ya siri, kwa hiyo mwalimu kuingia humo ni heshima ya aina yake. Mtoto anayeweza kinyume ana karibu kila kitu ambacho sikio linadaiwa kabla ya kusoma: analikata neno, anavishika vipande kichwani, anavipanga upya. Nakumbuka msichana mmoja aliyekuwa akiinamisha kichwa kila nikimuuliza swali rasmi la silabi. Wenzake wakaniambia kwamba yeye ndiye bingwa wa kinyume. Nikamwambia "masala?" Akafikiri, akacheka: "Salama!" Nikafunga karatasi yangu ya maswali. Sikio lake lilikuwa zima, kilichokuwa kinamfunga ni karatasi.

Tukija kwenye herufi, jambo la kwanza ni kutenganisha jina na sauti. Wimbo wa alfabeti unafundisha majina. Mtoto aliyeambiwa kuwa herufi hii inaitwa "em" na hii inaitwa "a", akikutana na "mama" atasoma "em-a-em-a", na hapo hakuna mama atakayepatikana. Kwa hiyo swali langu si "hii inaitwaje?" bali "hii inaliaje?" Nachanganya kubwa na ndogo, nazitawanya zisifuate wimbo, na naweka a ya kitabuni pamoja na a ya mwandiko wa mkono, kwa sababu wapo watoto wanaoijua moja tu na wanaiona ile nyingine kama mgeni kabisa.

Upimaji wa kusoma kwa madarasa ya mwanzo unaoitwa EGRA, ulioanza kutayarishwa mwaka 2006 na taasisi ya RTI ya Marekani na kutumika tangu hapo katika nchi na lugha nyingi, una kanuni moja ninayoiheshimu. Mtoto anapewa jedwali la herufi, na akikosa zote kumi za mstari wa kwanza, unasimama hapo hapo. Humburuzi kwenye zilizobaki. Nimeiazima kanuni hiyo kwa kila ninachopima, hata kisichokuwa na jedwali. Mtoto wa miaka sita anayekosa mfululizo kwa dakika tano hapimwi tena, anafedheheshwa, na utakapomwita mara ya pili tumbo litamuuma.

Kuhusu b na d nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wazazi huja na hofu. Kuchanganya herufi hizi kwa mtoto anayeanza ni kawaida. Kila kitu kingine alichokijua tangu azaliwe hakibadiliki jina kikigeuzwa. Kikombe ni kikombe, mkono wake ukitazama kushoto au kulia. Herufi ndizo za kwanza kumwambia kwamba upande nao una maana. Nampa muda. Akiendelea hivyo baada ya wenzake wote kuachana nalo, na hasa kama linaambatana na shida nyingine, hapo ndipo naomba aonwe na mtaalamu. Kabla ya hapo ninachokiangalia ni macho na masikio: mtoto anayeinamia karatasi mpaka pua iguse, au anayegeuza kichwa upande mmoja kila ninapomnong'oneza neno, tatizo lake huenda halina uhusiano wowote na herufi.

Kazi nzito inaanzia pale konsonanti zinapofuatana bila irabu kati yake. Watoto wengi huvuka "baba", "kaka", "sita" kwa wepesi mpaka unadhani umemaliza. Mimi huwasubiri kwenye "mto". Lina herufi tatu tu, na linachuja darasa kuliko maneno marefu. Mtoto aliyezoea kwamba kila konsonanti ina irabu yake anaiona m imesimama peke yake, anaihurumia, anaipa ya kwake. Mmoja atasoma "moto", mwingine "muto", mwingine "mato". Ukiweka mikasi mitatu utakuwa umewatendea sawa, na umewakosea wote. Wa "moto" ameazima irabu iliyo mwishoni akapata neno analolijua, kwa hiyo hata hashtuki. Huyu anahitaji sentensi itakayomshtua, kama "samaki wanaishi kwenye mto". Wa "muto" huenda analeta lugha ya nyumbani, maana lugha nyingi ndugu za Kiswahili husema mu- pale Kiswahili kinaposema m-. Huyo anasoma vizuri, ila anatamka kwa mdomo wa kwao. Wa "mato" ndiye wa kurudi naye nyuma kabisa: kwake kila konsonanti inakuja na a, kama alivyoanza kuikuta kwenye chati.

Halafu kuna ng'. Ile ritifaa ya juu watoto wengi wanaiona kama uchafu wa karatasi. Mmoja aliikwangua kwa kucha. "Ng'ombe" wanalisoma sawa kwa sababu wanamjua ng'ombe, wala si kwa sababu wameiona alama. Ukitaka kujua kama wameiona, lazima uwape neno ambalo hawajawahi kulisikia, na njia rahisi ya kulipata neno kama hilo ni kulibuni.

Maneno ya kubuni huwashangaza wazazi na hata baadhi ya walimu. Kwa nini umsomeshe mtoto kitu kisicho na maana? Kwa sababu maana ndiyo mficho mkubwa wa asiyejua kusoma. Uingereza wana upimaji wa sauti na herufi kwa watoto wa mwaka wa kwanza, ulioanza 2012: maneno 40, na 20 kati yake hayapo katika lugha yao. Pembeni ya kila neno la kubuni huchorwa kiumbe wa ajabu, ili mtoto aelewe kuwa anasoma jina la kiumbe huyo na asihangaike kulitafutia maana. Nimelichukua wazo hilo la kiumbe, kwa michoro yangu mibaya. Maneno yangu yanafuata umbo la Kiswahili: fabo, tinyo, shodu, kwefa, mbefi, nzupa, ng'ebi. Kila moja lina mtego mmoja tu ndani yake, ili akikosa nijue amenaswa na nini.

Onyo moja kwa atakayejaribu. Kabla ya kulitumia neno la kubuni, lisome kwa sauti mbele ya wenzako wanaotoka lugha mbalimbali. Neno safi kabisa kwako linaweza kuwa tusi la nguoni kwa nusu ya darasa, na watoto wakishaanza kucheka, upimaji umekwisha kwa siku hiyo.

Majibu ya maneno haya yananieleza mengi. Anayesoma "shodu" kama "shule" anaangalia mwanzo wa neno kisha anachota kichwani lolote linalofanana. Anayesoma "fabo" kama "fao" ameikosa herufi moja na amezisoma zilizobaki. Huyo wa pili amekosea kama wa kwanza, alama zao ni sawa, lakini yuko mbele yake kwa miezi.

Na kubahatisha kwa mwanzo wa neno ni hatari zaidi kwetu kuliko kwa wengine. Maneno yetu yanafanana vichwa. Fungua kitabu chochote cha watoto uhesabu yanayoanza na wa-, ki-, m-, ku-. Tena habari yote ya kitendo imejazwa mbele na nyuma ya shina. Mtoto anaona "hawakucheza" anasoma "wanacheza". Shina amelipata, kwenye karatasi ya alama ni neno moja tu limekosewa, ila hadithi imepinduka: waliokaa wamesimama, waliokataa wamekubali. Au aone "alipigwa" asome "alipiga". Herufi moja, w, ndiyo inayoamua nani analia. Kwa hiyo watoto wangu wakishafika kwenye sentensi, nawapa jozi za namna hii na kuwauliza nani kafanya nini, na hapo ndipo wale waliozoea kudokoa mwanzo wa neno wanapojulikana.

Kuna utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Katika lugha nyingi zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, kama Kifini, watoto walipomaliza mwaka wa kwanza walikuwa wanasoma maneno ya kawaida karibu bila kosa. Wale wa Kiingereza walipata kama theluthi moja tu. Kiswahili, kwa maandishi yake, kinakaa upande wa Kifini: ukishajua sauti za herufi na namna ya kuziunganisha, unaweza kutamka karibu neno lolote utakalowekewa mbele. Ni neema kubwa, lakini inamdanganya anayepima. Mtoto wetu anaweza kufikia usahihi mapema na wote tukapiga makofi, kumbe bado anakokota silabi moja moja, au anatamka asichokielewa hata kidogo. Kwa hiyo baada ya usahihi nageukia mwendo na ufahamu, na hapa pana mitego yake.

Mwendo hupimwa kwa dakika moja: mtoto asome kifungu, uhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Si pambo. Mtoto anayesoma "wa... li... po... ku... wa" akifika "wa" ya mwisho ile ya kwanza imeshamtoka, na neno zima linamwagika. Lakini viwango vya maneno kwa dakika vilivyotungwa kwa Kiingereza usivilete hapa. "Walipotuambia" kwetu ni neno moja, huko ni maneno manne. Mtoto wa Kiswahili akisoma maneno machache kwa dakika anaweza kuwa amesoma sauti nyingi kuliko mwenzake. Mimi hulinganisha mtoto na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, kwa kifungu chenye ugumu ule ule, basi.

Tena saa iwe mbali na macho yake. Mtoto akijua kuna saa, anakimbia. Mmoja alisoma kifungu kizima bila kupumua, akaruka nukta zote, akafika mwisho akaniuliza, "Nimeshinda?" Tangu hapo naanza kuhesabu kimyakimya, saa ikiwa mapajani, na mtoto anaambiwa asome kama anavyomsomea mdogo wake.

Kwenye ufahamu nina ugomvi wa kudumu na maswali ya vitabuni. Soma sentensi hii: "Jioni mfabo alishodua nzupa." Nani alishodua nzupa? Mfabo. Alishodua nini? Nzupa. Lini? Jioni. Umepata matatu kwa matatu, na hujui lolote lililotokea. Maswali ya namna hiyo yanapima kama mtoto anajua sarufi ya lugha, na sarufi alishaijua kabla ya kuja shule. Swali zuri ni lile ambalo jibu lake halijaandikwa popote. Kifungu kinasema mtoto alirudi ameloa, viatu ameshika mkononi. "Kwa nini alivua viatu?" Hapo unasikia kama kuna picha kichwani au hakuna.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Gough na Tunmer, waliliweka jambo hili katika hesabu fupi: kusoma kwa ufahamu ni uwezo wa kutambua maneno mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Mara, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kile kingine kiwe kikubwa namna gani. Nimeona hesabu hiyo ikitembea kwa miguu yake darasani. Watoto wawili walikosa maswali yote ya kifungu kimoja. Wa kwanza alikuwa amesoma kila neno sawa, wa pili alikuwa amekwama mstari wa kwanza. Nikakifunga kitabu, nikawasomea mimi mwenyewe kifungu kingine, nikauliza. Yule aliyekwama alijibu yote, tena akaongeza na maoni yake kuhusu tabia ya mhusika. Yule msomaji mzuri hakujibu hata moja: Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya shule tu, bado hajaizoea. Mmoja alihitaji kadi za silabi, mwenzake alihitaji hadithi, mazungumzo na msamiati mpya kila siku. Kama ningewapeleka wote kwenye kundi moja la "wasiojua kusoma", mmoja wao angekaa mwaka mzima akifundishwa alichokijua tayari. Kumsomea mtoto na kumuuliza kunachukua dakika chache, nami sijawahi kujuta kuzitumia.

Lafudhi nayo ina maneno yake. Anayeona "rafiki" akatamka "lafiki" amesoma. Anayetamka "zambi" kwenye "dhambi" huenda naye amesoma. Namna ya kuhakikisha ni kumfanya aseme bila kitabu: "yule unayecheza naye ni nani wako?" Akisema "lafiki yangu", basi hiyo ndiyo sauti yake, na kuisahihisha ni somo la matamshi, siku nyingine, kwa upole. Kuiingiza kwenye alama za kusoma ni kumwonea.

Sasa, mwenye darasa kubwa atauliza: hayo yote nitayafanya saa ngapi? Jibu langu ni imla. Imla hupimwa kwa darasa zima mara moja, na mtoto hawezi kuandika sauti asiyoisikia. Nasoma maneno machache niliyoyachagua kwa mitego yake: mambo, kumbuka, nyanya, mbwa, ng'oa, shingo. Jioni nakusanya karatasi na kuzisoma kama barua. Wanaoandika "mabo" na "kubuka" hawaisikii m iliyo mbele ya b. Wanaoandika "nana" badala ya "nyanya" wana kiporo cha ny. Anayeandika "umbwa" anasikia kwamba mwanzoni kuna kitu, ila hajui kitu hicho hakihitaji irabu. Karatasi hizo zinajigawa zenyewe mafungu, na ni wale tu wenye karatasi zisizosomeka kabisa ndio ninaowaita mmoja mmoja kwenye kiti cha pembeni. Wengine naweza kuwasubirisha.

Namna ya kuandika makosa ya kusoma nimeirithi, kwa kuirahisisha, kutoka kwa Marie Clay wa New Zealand, aliyewafundisha walimu kuweka alama ya vema kwa kila neno lililosomwa sawa, na pale mtoto anapokosea kuandika alichosema juu ya kilichopo. Inachosha mwanzoni. Baadaye mkono unazoea na unaandika wenyewe, macho yakibaki kwa mtoto.

Daftari hilo limenisaidia hata kwa wazazi. Mama mmoja alikuja amesimama tu mlangoni, ana haraka.

"Mwalimu, niambie tu amekuwa wa ngapi."

"Karibu uketi kidogo mama. Nafasi sina, ninacho hiki."

Nikamwonyesha ukurasa wa mwanawe: mabo, kubuka, abia. Akausoma, akaurudia, akaanza kucheka. "Kumbe ndiyo maana! Juzi kaniandikia 'naoba hela'." Akaketi. Tukakubaliana kwamba wakiwa njiani wawe wanatafuta maneno yenye mb na nd na kuyavuta, "mmmb", "nnnd", bila daftari wala adhabu. Nafasi ya darasani hakuiuliza tena.

Kuna jambo moja la kiutendaji ambalo miongozo huwa hailitaji. Watoto wanaotoka kupimwa huwaambia wanaosubiri. Hawafanyi hivyo kwa nia mbaya, wanasaidiana tu, kama tulivyowafundisha wenyewe. Mtoto wa tano kwenye foleni atakusomea orodha yako akiwa bado hajaketi. Kwa hiyo nina orodha kadhaa zenye mitego ile ile na maneno tofauti, nazibadilisha bila taarifa. Na maneno ya kubuni yana maisha mafupi kuliko nilivyodhani. "Shodu" nimelazimika kulifuta: uwanjani limeshakuwa jina la anayefika wa mwisho kwenye mbio, na sasa hata asiyeijua sh analisoma kabla sijamaliza kuigeuza kadi.